Soli Zetu Mbele ya Meza ya Bwana



Tunapopiga magoti kupokea Ushirika Mtakatifu, walio nyuma hawaoni nyuso zetu. Huona soli za viatu vyetu. Jambo hilo lilitutesa tulipokuwa walimu vijana hapa Arusha, mwaka 1984, bidhaa zilipokuwa adimu na kiatu kipya hakipatikani.

Viatu tulivyokuwa navyo, jozi moja tu, vilitoboka. Fundi mmoja aliyekaa chini ya mti karibu na soko alikata tairi kuukuu, akaligongelea kwa misumari, soli na kisigino. Kazi ilikuwa imara, lakini kashata za tairi zilionekana wazi. Basi kwa aibu tuliacha kwenda mbele muda wa miezi mitatu. Tulibaki kwenye benchi, tumeinamisha kichwa kama watu wanaosali sana. Kumbe tuliwaogopa wanafunzi wetu kuliko tulivyomcha Mungu.

Fundi yule alisali kanisa letu. Siku moja akatuuliza, “Mwalimu, ile soli imeachia?” Tukamjibu haijaachia. “Mbona basi hupigi magoti?” Hatukuwa na la kusema. Jumapili iliyofuata tulikwenda, misumari ikilia sakafuni.

Miaka mingi tumefundisha darasani habari za mpira. Utomvu wake peke yake hulainika na kunata penye joto, na penye baridi hukakamaa. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba ukichanganywa na kiberiti, ndiyo, kile cha habari za Sodoma, kisha ukapikwa, hushikamana ndani kwa ndani wala haurudi tena kuwa utomvu. (Naye alifungwa kwa ajili ya madeni, akafa mwaka 1860 angali anadaiwa.) Ndiyo sababu tairi likichoka barabarani bado lafaa kukanyagia matope ya Meru wakati wa masika. Tulichokionea aibu kilikuwa kimekwisha kupita motoni. Sisi, na ngozi yetu ya juu iliyopigwa rangi, tulilainika kwa jicho la mtoto wa darasa la tano.

Leo mitumba imejaa masokoni, lakini wapo wanaobaki kwenye benchi kwa ajili ya nguo au viatu. Tunawajua kwa sura. Jumapili ijayo tutaketi nao huko nyuma, na wakati ukifika tutawaomba tuongozane kwenda mbele.