Matumaini ya Mwezi wa Saba

Mbio za ubingwa katika besiboli ya Marekani huanza mwishoni mwa Machi na kwenda hadi mwishoni mwa Septemba. Kila timu hucheza mechi 162, karibu kila siku. Kabla ya mwaka 1969 njia ya kuipata bendera ya ubingwa wa ligi ilikuwa moja: kumaliza msimu ukiwa kileleni. Siku hizi kuna makundi na hatua ya mtoano, lakini hali ya shabiki haijabadilika. Katikati ya Julai timu yake iko nyuma kwa mechi nane au kumi, imebaki miezi miwili na nusu, na analolisubiri haliko mikononi mwake hata kidogo. Je, kutumaini katika hali hiyo ni busara, ni ujinga unaosameheka, au ni aina fulani ya wajibu? Wanateolojia na wanafalsafa walioandika juu ya matumaini hawakuwa na besiboli akilini. Hata hivyo ni vigumu kupata mahali ambapo hoja zao hupimwa waziwazi kuliko hapa, maana majibu huchapishwa kila asubuhi katika msimamo wa ligi.

Msimamo huo huhesabiwa kwa pengo la mechi, si kwa pointi. Huchukuliwa tofauti ya ushindi kati ya timu mbili, ikajumlishwa na tofauti ya vipigo, kisha jumla ikagawanywa kwa mbili. Timu iliyoshinda 50 na kufungwa 40 inaitangulia iliyoshinda 45 na kufungwa 45 kwa mechi tano. Timu moja ikiwa na kiporo, pengo huwa na nusu. Na kwa kuwa kinara naye hufungwa, pengo linaweza kupungua siku ambayo timu ya nyuma imepumzika, jambo linalomfanya shabiki afuatilie kwa makini mechi za watu asiowapenda. Tena katika mchezo huu hata walio bora hufungwa mara nyingi. Rekodi ya ushindi katika msimu mmoja ni 116. Mariners wa Seattle walioifikia mwaka 2001 walifungwa mara 46. White Sox wa Chicago walifungwa mara 121 mwaka 2024, kuliko timu yoyote ya zama za kisasa, na bado walishinda mara 41. Atakayetazama mechi moja ya Julai bila kujua majina ya timu hawezi kusema ipi ni bingwa na ipi inavuta mkia. Ni mchezo unaochelewesha ukweli wake kwa makusudi.

Katika karne ya 13 mwanateolojia Thomas Aquinas aliweka masharti manne ya kitu kinachoweza kutumainiwa: kiwe chema, kiwe cha wakati ujao, kiwe kigumu kupatikana, na kiwe kinawezekana. Sharti la ugumu ndilo linalotenganisha matumaini na matamanio ya kila siku. Sharti la uwezekano ndilo linaloyatenganisha na kukata tamaa. Kwa kipimo hicho, shabiki wa timu iliyo nyuma kwa mechi kumi ana matumaini kamili kuliko shabiki wa kinara, ambaye ugumu umeanza kumtoka machoni. Aquinas hakudai kwamba kinachotumainiwa kiwe na nafasi kubwa ya kutokea. Kiwezekane, basi. Wachambuzi wa leo hutoa asilimia ya kila timu kufuzu, na shabiki anayeambiwa kwamba timu yake ina asilimia nne hajaambiwa aache kutumaini. Ameonyeshwa tu ukubwa wa ugumu. Aquinas huyohuyo aliandika kwamba matumaini hujaa kwa vijana na kwa walevi, kwa sababu wote wawili hawavihesabu vikwazo. Wauza bia wa viwanja vya Marekani wasingempinga.

Kinyume cha matumaini, kwa mafundisho hayo, kiko pande mbili: upande mmoja kukata tamaa, upande mwingine kujiaminisha kupita kiasi. Historia ya besiboli ina mifano ya pande zote. Tarehe 4 Julai 1914 Braves wa Boston walikuwa wa mwisho kati ya timu nane, nyuma kwa mechi 15. Walimaliza wakiwa mabingwa wa ligi kwa tofauti ya mechi 10 na nusu, kisha wakawafunga Athletics wa Philadelphia mara nne mfululizo katika fainali ya World Series. Aliyekata tamaa mwezi wa Julai hakukosea kwa kuwa Braves walishinda. Angekosea hata kama wangeshindwa, kwa sababu alidai kujua jambo ambalo lilikuwa bado halijulikani.

Mwaka 1978 unafundisha zaidi, maana makosa yote mawili yaliwapata watu walewale. Tarehe 19 Julai Red Sox wa Boston walikuwa mbele ya Yankees wa New York kwa mechi 14, na mashabiki wao waliona kazi imekwisha. Septemba Yankees walikwenda Boston wakashinda mechi nne mfululizo kwa jumla ya mikimbio, yaani alama za mchezo huu, 42 kwa 9, na baadaye wakawapita. Waliojiaminisha Julai wakageuka kuwa waliokata tamaa Septemba, na wakakosea tena: Red Sox walishinda mechi zao nane za mwisho na kulingana na wapinzani, ikabidi ichezwe mechi moja ya ziada tarehe 2 Oktoba. Boston walikuwa mbele hadi zamu ya saba, alipoingia kupiga Bucky Dent wa Yankees, mtu ambaye msimu mzima alikuwa amevusha mpira ukutani mara nne tu. Mpira mmoja aliupiga ukamrudia mguuni. Akachechemea, akahudumiwa, akapewa gongo jingine. Mrushaji Mike Torrez akarusha tena. Dent akaupiga juu kuelekea kushoto, ambako ukuta wa uwanja wa Fenway uko karibu lakini una kimo cha mita 11, na Carl Yastrzemski, mlinzi wa upande huo, akarudi nyuma kana kwamba ataudaka, kisha akabaki akiutazama ukipita juu yake. Yankees walishinda 5 kwa 4. Mbio zilizokuwa na pengo la mechi 14 mwezi wa Julai zilikuwa zimekwisha kwa mkimbio mmoja.

Lakini kuwezekana peke yake hakutoshi. Mwanazuoni wa Kiislamu Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111 na ambaye kitabu chake Ihya Ulumuddin husomwa na wanazuoni wa pwani ya Afrika Mashariki hadi leo, alitofautisha matumaini ya kweli na kujidanganya kwa mfano wa mkulima. Aliyepanda mbegu njema katika ardhi nzuri, akapalilia na kumwagilia, kisha akangoja rehema ya Mungu, huyo anatumaini. Aliyetupa mbegu katika ardhi ya chumvi isiyofikiwa na maji akangoja mavuno, huyo ni mpumbavu, hata kama Mungu anaweza yote.

Mfano huu unawafaa sana viongozi wa klabu. Dirisha la kubadilishana wachezaji hufungwa karibu na mwisho wa Julai, na hapo kila klabu hulazimika kukiri inaamini nini: kuongeza wachezaji au kuuza waliopo. Braves, ambao makao yao sasa ni Atlanta, walimpoteza nyota wao Ronald Acuña Jr. kwa jeraha la goti tarehe 10 Julai 2021, huku ushindi wao ukiwa haujazidi vipigo. Klabu ilichukua wachezaji wanne wa kucheza nyuma ya uwanja, kazi aliyokuwa akiifanya yeye. Tarehe 6 Agosti, kwa mara ya kwanza msimu huo, ushindi ukazidi vipigo. Mwisho wa msimu walikuwa na ushindi 88, na wakachukua World Series. Ardhi nayo inaweza kupimwa. Mchambuzi wa takwimu za besiboli Bill James alionyesha kwamba uwiano wa mikimbio ambayo timu imeipata na iliyoiruhusu hueleza nguvu yake vizuri, na mara nyingi hubashiri yajayo kuliko idadi ya ushindi yenyewe. Timu iliyofungwa mara nyingi kwa mkimbio mmoja huenda imekosa bahati tu. Kusema kwamba zamu yetu imefika kwa sababu tumekosa kwa muda mrefu ni jambo jingine. Hiyo ni ile ardhi ya chumvi.

Tatizo ni kwamba shabiki si mkulima. Hapandi wala hapalilii. Anangoja mavuno ya shamba la mwingine, na mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mwanafalsafa William James, katika insha yake ya mwaka 1896 kuhusu utashi wa kuamini, alisema yapo mambo ambayo imani yenyewe husaidia kuyafanya kuwa kweli. Hilo linaweza kumhusu mchezaji, na pengine umati uliojaa uwanjani. Halimhusu anayesikiliza redio jikoni kwake umbali wa kilomita 300. Anayemfaa zaidi ni Josiah Royce, aliyefundisha Harvard pamoja na James. Katika kitabu chake cha mwaka 1908 kuhusu falsafa ya uaminifu, Royce alieleza uaminifu kuwa ni kujitoa kwa hiari, kwa vitendo na bila kusitasita kwa ajili ya lengo fulani, na hakuona kwamba lengo lililoshindwa humwondolea mtu uaminifu huo. Aliona kwamba huenda likaukuza. Kwa mtazamo huo matumaini ya shabiki si utabiri wala si kazi. Ni kuendelea kuwepo. Anachoweza kufanya mwezi wa Julai ni kutoondoka, na hilo ni tendo, ingawa halibadilishi matokeo ya mechi hata moja.

Swali zito zaidi la kidini ni kwamba bendera ni moja. Anayeombea timu yake inyanyuke anaomba nyingine ianguke, na upande wa pili wanaomba vilevile. Dua la kuku halimpati mwewe, lakini hapa wote wawili ni kuku. Tarehe 11 Agosti 1951 Giants wa New York walikuwa nyuma ya Dodgers wa Brooklyn kwa mechi 13 na nusu. Walishinda 37 kati ya 44 za mwisho, wakalingana nao, na ikapangwa michuano ya mechi tatu. Katika mechi ya tatu, tarehe 3 Oktoba, Dodgers waliingia zamu ya mwisho wakiongoza 4 kwa 1. Ilipofika 4 kwa 2, wapinzani wawili wakiwa wamesimama vituoni, aliingia mrushaji wa Dodgers Ralph Branca, mwenye jezi namba 13. Mpira wake wa pili Bobby Thomson wa Giants aliuvusha ukutani, na mchezo ukaisha 5 kwa 4.

Branca, Mkatoliki mwenye ibada, alitoka akamkuta kasisi Mjesuiti, binamu wa mchumba wake, akamuuliza kwa nini iwe yeye. Kwa simulizi yake mwenyewe, kasisi alimjibu kwamba Mungu alimchagua kwa kuwa alijua imani yake ina nguvu za kuubeba msalaba huo. Jibu hilo lilimsaidia Branca maishani, na si haki kulidharau. Kama hoja, hata hivyo, lina kasoro: linamfanya Mungu kuwa mpangaji wa matokeo ya mechi, na linawaacha mashabiki wa Giants wakiwa wamepewa furaha ambayo bei yake alilipa mtu mwingine. Mwaka 2001 mwandishi Joshua Prager alifichua katika Wall Street Journal kwamba tangu Julai 1951 Giants walikuwa na darubini katika chumba cha nyuma ya uwanja wao, wakisoma ishara za wapinzani na kuwapelekea wapigaji kwa kengele ya umeme. Thomson alikana kwamba alijulishwa mpira ule. Giants walishinda pia ugenini, mbali na darubini, kwa hiyo haiwezekani kusema ilichangia kiasi gani. Lakini sharti la kwanza la Aquinas, kwamba kinachotumainiwa kiwe chema, linarudi kwa nguvu. Mashabiki walitumaini ushindi wa haki, na huenda walichopewa kilikuwa kitu kingine chenye sura ileile.

Sharti hilohilo huweka mpaka wa matumaini. Mwaka 1934 Tigers wa Detroit walikuwa wakiwania bendera ambayo hawakuwa wameipata kwa miaka 25. Hank Greenberg, mpigaji wao Myahudi, alicheza siku ya Rosh Hashanah, mwaka mpya wa Kiyahudi, tarehe 10 Septemba, akavusha mpira mara mbili, na timu ikashinda 2 kwa 1. Siku tisa baadaye ilikuwa Yom Kippur, siku ya toba. Hakucheza, alikwenda sinagogi, na Detroit wakafungwa. Mashabiki wengi wa mji huo walimheshimu kwa hilo. Walitaka bendera, na wakaipata mwaka huo, lakini wachache walidai kwamba kuitaka kwao kunazidi siku ya toba ya mtu mwingine.

Kwa timu nyingi mambo huisha kwa hesabu. Hufika siku ya Septemba ambapo ushindi wa timu inayoshika nafasi ya mwisho ya kufuzu, ukijumlishwa na vipigo vya timu ya nyuma, huzidi idadi ya mechi za msimu, na sharti la uwezekano hufutika. Kuanzia hapo kutumaini ubingwa wa mwaka huo si fadhila tena. Kutumaini mwaka unaofuata ni jambo tofauti, na mashabiki wa Brooklyn walilifanya kuwa desturi: timu yao ilifungwa na Yankees katika World Series za 1941, 1947, 1949, 1952 na 1953 kabla ya kuwashinda mwaka 1955. Baada ya msimu wa 1957 mmiliki aliihamishia timu Los Angeles, ikabeba jina na wachezaji. Waliobaki Brooklyn iliwapasa kuamua kama walichokuwa waaminifu kwake kiliondoka nayo. Wengine waliendelea kuifuata kutoka mbali. Wengine, Mets ya New York ilipoanza mwaka 1962, walihamia huko. Timu hiyo ilifungwa mara 120 katika msimu wake wa kwanza.