Nehemia Aliomba, Kisha Akaitisha Barua

Andiko: Nehemia 2:1-9



Karibu kila Jumapili baada ya ibada kuna mtu hunijia na pasipoti mkononi. "Pasta, niombee, naenda Saudia." Mwingine ni Qatar, mwingine Dubai. Nami naomba, kwa sababu Mungu wetu hujibu. Lakini siku hizi, kabla sijafumba macho, nauliza: "Mkataba uko wapi?" Wengi hunyamaza. Dada mmoja alinijibu, "Ajenti amesema tutaupata tukifika. Amesema niwe na imani tu."

Leo tuongee kuhusu hiyo imani.

1. Aliomba kwanza

Habari za Yerusalemu zilimfikia Nehemia mwezi wa Kisleu. Alipozungumza na mfalme ulikuwa mwezi wa Nisani. Hiyo ni kama miezi minne. Alilia, akafunga, akaomba. Hakuna wa kumwambia Nehemia kwamba hakujua maombi. Safari yako pia ianzie magotini.

2. Kisha akaitisha barua

Mfalme alipomuuliza safari itachukua muda gani na atarudi lini, Nehemia alikuwa na jibu. Halafu akaomba barua za kuwapa maliwali wa ng'ambo ya Mto ili apite salama, na nyingine ya mlinzi wa msitu ili apate miti. Alijua atapita wapi, atakutana na nani, na atahitaji nini akifika.

Mtu atasema, "Lakini Ezra alikataa askari wa mfalme, akafunga tu." Kweli, iko Ezra 8. Sasa rudi nyuma sura moja: Ezra alikuwa na barua ya mfalme. Na fedha ya hekalu ilipimwa wakitoka, ikapimwa tena wakifika, ikaandikwa. Huyo ndiye mtu wa imani!

3. Barua zako ni zipi?

Pasipoti. Jaza ombi lako mwenyewe kwa eCitizen. Uwe na kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, na nakala ya kitambulisho cha anayekupendekeza. Malipo ya serikali hupitia paybill 222222, si kwa simu ya kijana anayekungoja nje ya Nyayo House. Kama tayari unayo, angalia tarehe. Nchi nyingi hutaka iwe imebakisha angalau miezi sita.

Ajenti. Tafuta jina la kampuni yake kwa orodha ya Mamlaka ya Taifa ya Ajira, NEA. Nilisoma biashara chuoni, na hili halihitaji digrii: asiyeweza kukuonyesha cheti cha usajili, usimpe pesa. Akikuambia uende na visa ya utalii halafu "itabadilishwa huko," simama hapo hapo. Kuna Wakenya walioitiwa kazi Thailand wakajikuta Myanmar, wamefungiwa kwa kambi za ulaghai wa mitandaoni.

Mkataba. Usome kabla ya kutia sahihi: mwajiri ni nani, mshahara ni ngapi, siku ya kupumzika ni ipi. Usipouelewa, tafuta wa kukusomea. Mwachie mama nakala, pamoja na ya pasipoti.

Ukifika. Sheria ya Saudia yenyewe inamkataza mwajiri kushikilia pasipoti ya mfanyakazi. Wapo wanaoishikilia hata hivyo. Kwa hivyo namba ya ubalozi wetu Riyadh iwe kwa simu na kwa karatasi, na namba moja ya nyumbani iwe kichwani. Simu inaweza kuchukuliwa, lakini kichwa utabaki nacho.

Neno kwa sisi tunaobaki

Sitawaambia msiende. Najua karo haingoji, na landlordi haombewi akaondoka. Lakini anayetaka tumchangie nauli, alete kwanza ofisini mkataba na jina la ajenti. Hatumnyimi mtu. Heri dada anikasirikie leo kuliko kanisa lichange mara ya pili, kumrudisha.

Na wewe unayeleta ajenti kanisani: "ameokoka" si cheti cha usajili. Aliye mkweli hataudhika akiombwa karatasi. Mfalme wa Uajemi hakuudhika.

Angalia mstari wa 8. Nehemia anasema alipewa barua zile kwa sababu ya wema wa Mungu juu yake. Kumbe karatasi zenyewe zilikuwa jibu la maombi! Usiziruke ukidhani unamheshimu Mungu.

Tuombe: Baba, wakumbuke watoto wetu walio mbali usiku huu. Walioshikiliwa, wafungulie mlango. Wanaojiandaa, wape macho ya kuona na ujasiri wa kuuliza. Na wote warudi nyumbani wakiwa hai. Katika jina la Yesu, amina.