Hesabu ya Kondoo Mia



Mei 2020 hesabu ya Korona ya Tanzania ilisimama: wagonjwa 509, vifo 21. Mwaka mmoja baadaye Kenya ilikuwa imehesabu vifo zaidi ya 2,700. Sisi tulikuwa bado 21. Wako waliojivuna kwamba sala zetu zimezishinda za jirani. Mwalimu gani hulinganisha madaftari mawili, moja likiwa halikuandikwa? Februari 2021 Maalim Seif alizikwa hapa Pemba, Mtambwe, na chama chake kilikuwa kimekwisha kutangaza kwamba ana Korona. Ishirini na moja ikabaki ile ile.

Mchungaji katika mfano wa Bwana alijua mmoja amepotea kwa kuwa aliwahesabu wote mia. Na wavuvi wa Kojani warudipo kutoka dago, mama zao hawaulizi kwingine wamezama wangapi. Hutazama nani hajashuka chomboni.