Treni yangu ndogo na haki ya jirani

Jumapili moja baada ya swala ya Alasiri, mzee mmoja ninayeswali naye hapa Magomeni alipita nyumbani kunirudishia kitabu. Alinikuta nimepiga magoti uani, kanzu nimeifunga kiunoni, mikono imejaa masizi, nikikisukuma kichwa cha treni cha bati kinachokaribia urefu wa mkono wangu. Alisimama kimya kwa muda. Kisha akaniuliza: "Maalim, na mvi zote hizo, hiki kitakusaidia nini kaburini?"

Nilicheka, nikamkaribisha kahawa, tukazungumza mengine. Lakini swali lake sikulala nalo vizuri, na kwa kuwa naamini halinihusu peke yangu, nimeona nililete kwa ndugu wasomaji. Je, mtu mzima ana haki ya kucheza? Na kama anayo, mpaka wake uko wapi?

Kwanza nieleze mchezo wenyewe, maana wengi hawaujui. Marehemu baba yangu alikuwa fayamani wa Reli ya Afrika Mashariki, na mimi nimekulia kwenye kota za reli, nikilala na kuamka kwa mlio wa injini. Nilipostaafu ualimu nilianza kuitengeneza upya treni ya baba, kwa bati la madebe ya mafuta ya kula, mabaki ya shaba, na mota niliyoitoa kwenye gari bovu. Injini ninayoiiga ni ile ya moshi ya aina ya 31, iliyoundwa na kiwanda cha Vulcan Foundry cha Uingereza mwaka 1955 na 1956 kwa ajili ya reli zetu. Injini za aina hiyo zilipewa majina ya makabila ya Afrika Mashariki, na baba alikuwa akizitaja kama mtu anavyotaja ng'ombe wake, huyu mvivu, huyu ana hasira.

Wenzetu wa Ulaya wanaoshughulika na mambo haya wana vipimo vyao. Reli yetu ya Kati, ambayo Wajerumani waliianza hapa Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914 kwa jasho la babu zetu, ina upana wa mita moja kati ya chuma na chuma. Ndiyo inayohesabiwa katika reli nyembamba. Upana huo haukuchaguliwa kwa mapenzi. Reli nyembamba ni nafuu kuijenga, tuta lake ni dogo, na inaweza kukata kona kali penye vilima. Sasa, mwaka 1968 kampuni ya Lehmann ya Nuremberg, Ujerumani, ilitoa treni za kuchezea zinazoitwa LGB, ambazo reli yake ina upana wa milimita 45. Ukigawanya mita moja kwa 22 na nusu unapata milimita 44 na kidogo. Kwa hiyo kila kitu hupunguzwa mara 22 na nusu, kuanzia bomba la moshi, ngazi, dirisha, hata dereva mwenyewe ukitaka kumweka. Nami nimefuata kipimo hicho hicho.

Kwa kipimo hicho safari ya Dar es Salaam mpaka Kigoma, ambayo ni zaidi ya kilomita 1,200, ingetaka reli ya kuchezea ya zaidi ya kilomita 50, yaani kutoka hapa Magomeni mpaka kuipita Kibaha. Mimi ninazo mita 12. Zinazunguka ua, zinapita nyuma ya choo na chini ya kamba ya kuanikia nguo, na kona zake ni kali kiasi kwamba hakuna treni ya kweli ya Reli ya Kati ingezikata. Vijana huniuliza kwa nini siigi treni ya umeme ya SGR iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024. Huwajibu kwamba ile upana wake ni milimita 1,435, ua wangu hauitoshi kugeuka. Ukweli ni kwamba baba hakuifanyia kazi ile.

Basi baada ya swali la mzee nikaanza kujitetea moyoni. Nikasema, treni haina roho, kwa hiyo mjadala wa masanamu hauihusu. Nikakumbuka kwamba Bibi Aisha (r.a.) alikuwa na vinyago vya kuchezea, na kimoja kilikuwa farasi mwenye mbawa, Mtume (s.a.w.) alipomuuliza kuhusu mbawa zile, Bibi Aisha alimkumbusha habari ya farasi wa Nabii Suleiman, na Mtume akacheka. Lakini Bibi Aisha alikuwa binti mdogo, mimi nina miaka 68. Nikaenda kwa Hanzala (r.a.), yule swahaba aliyejishuku unafiki kwa sababu moyo wake mbele ya Mtume ulikuwa hivi, na nyumbani kwa mke na watoto ukawa vingine, naye akatulizwa kwamba mwanadamu ana saa ya hili na saa ya lile. Hapo nikapata nguvu. Nikaongeza kwamba kazi ya mikono inayofanywa kwa ukamilifu ni jambo linalopendeza katika dini yetu, na kwamba mtu anayepima upana wa taruma mara tatu ili asikosee nusu milimita, wala hakuna atakayemlipa, anajifunza uaminifu wa aina fulani.

Tena nikasema (nanyi mtanisamehe) kwamba mzee aliyeniuliza, Mwenyezi Mungu amhifadhi, siku za mechi hujadili Simba na Yanga kuanzia Magharibi mpaka Isha. Vijana wetu wanajua majina ya wachezaji wa akiba wa Arsenal. Barazani bao linachezwa mpaka mtu anasahau kununua unga. Hao hakuna anayewauliza habari za kaburi. Kwa nini anayetazama wengine wakicheza ni mtu mzima, na anayetengeneza kitu kwa mikono yake ni mtoto? Bado sijapata jibu la swali hilo, na nadhani jamii yetu inapaswa kujiuliza. Lakini kosa la jirani halijapata kumtakasa mtu, na hoja hizi zote, pamoja na kwamba nilizipanga vizuri, hazikugusa jambo lenyewe.

Jambo lenyewe lilianza kunijia kwa njia ya ajabu. Nilikuwa nimejenga mwinuko mdogo kwa mbao upande wa jikoni. Jioni moja mabehewa mawili yalifunguka kwenye ndoana, yakarudi kinyumenyume, yakaongeza mwendo, yakaacha njia na kutumbukia kwenye beseni la nguo. Watoto wa nyumba walishangilia, wakataka nirudie. Nikarudia, na mara ya pili nami nikacheka. Usiku kitandani ndipo nilipokumbuka tarehe 24 Juni 2002, pale Igandu mkoani Dodoma, treni ya abiria ilipokosa breki ikarudi nyuma kwenye mteremko na kugongana na treni ya mizigo. Walikufa watu 281. Mwaka ule nilikaa matangani kwa ajili ya ajali ile, nikawaona kina mama wakilia. Na sasa nilikuwa nimecheka.

Simlaumu mtoto aliyeshangilia, yeye alikuwa hajazaliwa. Nilijiangalia mwenyewe. Raha ya mchezo huu yote iko katika kupunguza. Kitu kizito kinachotisha unakifanya kidogo mpaka kinaenea viganjani, nawe ndiye dereva, ndiye stesheni masta, ndiye mwenye saa. Hakuna ubaya katika hilo. Lakini jicho likizoea kupunguza, halichagui la kupunguza.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu.

Nyumba yangu ni ya vyumba sita, na vitatu nimepangisha. Miaka mitatu iliyopita, katika chumba cha mwisho alikuwapo, na bado yupo, mama mmoja kijana aliyeachwa na watoto wawili. Alikuwa fundi cherehani, akishonea barazani kwangu. Usiku mmoja mtoto wake mdogo alipandwa na homa kali, na asubuhi akaambiwa anahitaji vipimo na dawa za kununua. Alinijia baada ya swala ya Adhuhuri, akapiga goti mlangoni. "Shikamoo baba. Nakuomba elfu hamsini, nitakurudishia mwisho wa mwezi, nina nguo za watu ndani."

Ndani ya kabati langu, katika bahasha, kulikuwa na shilingi 160,000. Nilikuwa nimeziweka kwa ajili ya fundi mmoja wa Gerezani mwenye mashine ya kukereza vyuma, aliyekuwa akinitengenezea magurudumu 16 ya mabehewa mawili, elfu kumi kila moja. Magurudumu ya awali niliyachonga kwa mbao, hayakuwa duara sawasawa, treni ikawa inaacha njia kila mzunguko wa pili. Nilikuwa nimeyasubiri ya chuma kwa miezi minne.

Nikamwambia: "Mwanangu, mambo ni magumu. Sina."

Akasema ahsante baba, akaondoka. Jioni ile fundi akaleta mzigo wake, nikamlipa. Usiku ule ule nikafunga magurudumu, na treni ikazunguka ua mara nyingi bila kuanguka hata mara moja. Sijui kama nimewahi kufurahi vile tangu nistaafu.

Kesho yake yule mama aliuza cherehani yake. Mtoto alipona, alhamdulillah. Lakini cherehani haikurudi. Tangu hapo anauza maandazi asubuhi na chapati jioni, na mkono wake uliokuwa ukishona magauni ya harusi sasa una alama za mafuta ya moto.

Nataka msomaji aangalie neno "sina". Wakati ule nilijishawishi kwamba si uongo, kwa kuwa fedha ile ilikuwa ya fundi tayari, nami nimeahidi, na ahadi ni deni. Hoja nzuri. Ningeweza kuitetea mbele ya watu. Lakini angekuwa mwanangu wa kumzaa aliyepiga goti pale mlangoni, fundi angesubiri mwezi mmoja na wala asingekasirika. Shida ya mama yule niliiona, sikuwa kipofu. Ila niliiona ndogo. Kuna sura fupi ambayo watu kama mimi huisoma karibu kila siku kwa kuwa ni nyepesi kuhifadhi, Suratul-Maa'uun, inayowataja wenye kuswali ambao wanazuia hata vitu vidogo vya kusaidiana. Nimeifundisha madrasa kwa miaka mingi. Sikuwahi kudhani inaweza kuzungumzia magurudumu.

Mzee wangu wa msikitini, nilipomweleza haya, alisema kwa ufupi: "Iuze." Nimemheshimu lakini sikukubali. Treni haikunyima mtu kitu. Isingekuwapo ningenyima kwa ajili ya rangi ya ukuta, au kochi, au nauli ya kwenda kutembea Tanga. Wapo wanaonyima kwa ajili ya akiba tupu, hawana hata cha kuchezea. Ninavyoona mimi, mchezo ni halali ukikaa mwisho wa foleni, nyuma ya swala, nyuma ya watu wa nyumbani, nyuma ya jirani. Tabu yake ni kwamba haukai. Unasogea mbele taratibu, kwa sababu nzuri nzuri, mpaka siku moja uko mbele ya mtoto mgonjwa na hujaona ulivyofika pale. Ndiyo maana swali la kaburini, ambalo lilinikera, namshukuru mzee kwa kuliuliza, hata kama alilielekeza kwenye bati badala ya kulielekeza kwangu.

Mwezi wa Ramadhani uliopita nilimwita yule mama, mbele ya mke wangu, nikamweleza kila kitu, bahasha, magurudumu na lile neno. Nilitegemea alie au anikasirikie. Alinyamaza kidogo, akiikunja ncha ya kanga yake, kisha akasema: "Baba, mbona nilijua. Fundi alipokuja na mfuko wake jioni ile, mwanangu mkubwa ndiye aliyemfungulia mlango." Miaka mitatu alikuwa akinipa shikamoo kila asubuhi, na Idi akituletea sahani ya vitumbua.

Yule mtoto aliyekuwa mgonjwa sasa ana miaka saba. Ndiye anayepuliza filimbi treni inapoondoka, wala haruhusu mwingine aishike.

Nimekwenda Kariakoo kuulizia cherehani kama ile aliyoiuza. Bei ya leo ni zaidi ya mara mbili ya alichopata siku ile. Nilitaka kumlipa ile elfu hamsini na radhi, mke wangu akaniambia nisijiaibishe. Tumekubaliana ninunue cherehani nzima, nilipe dukani kwa awamu nne kutokana na pensheni, na awamu ya mwisho ikikamilika tuichukue. Nimeshalipa mbili. Ya tatu ni mwisho wa mwezi huu.