Malezi Katika Gogo la Mpingo
Msikilizaji wa Madibira, wapo wanaosema kituo cha kulelea watoto mchana ni jambo la kigeni, kwamba mtoto ni wa mama yake tu. Sanaa yetu inawapinga. Kinyago cha ujamaa cha Wamakonde, mtindo unaohusishwa na Roberto Yakobo Sangwani, huonyesha wakubwa na wadogo wakibebana katika gogo moja la mpingo. Kweli, vinyago vingi viliuzwa kwa wageni. Lakini mnunuzi hakumfundisha mchongaji jinsi ukoo unavyolea. Hata Ufaransa, mwaka 1879, mchoraji Berthe Morisot alimchora mwanawe akinyonyeshwa na yaya, mama mwenyewe akiwa kazini na brashi. Msimu wa mpunga, mama wa skimu ya umwagiliaji anahitaji msaada huohuo. Viongozi wa vijiji na vyama vya wakulima, tengeni eneo la kituo kabla ya mavuno.