Nguo za Marehemu

Kuna saa moja katika matanga ambayo watu hawapendi kuisemea. Machozi yamepungua, wageni wameanza kufunga mizigo yao, na sanduku la marehemu linaletwa mbele ya wazee. Koti jipya achukue mjomba. Viatu achukue mdogo wake. Mjane anakaa pembeni na watoto, anatazama. Sheria ya jamaa ya Kongo, ya mwaka 1987, inampa haki ya kukaa katika nyumba aliyokaa na mumewe. Lakini nani atakwenda tribinali kwa ajili ya suruali iliyopasuka magotini? Tena mara nyingi hiyo iliyopasuka ndiyo inayomfikia, kwa kuwa hakuna aliyeitaka.

Tufikiri leo juu ya hiyo iliyobaki. Je, ni halali kuikata?

Wako wanaosema: mwenye kukata nguo ya marehemu anamkata marehemu mwenyewe. Nguo imeshika jasho lake, imefuata umbo la mabega yake. Kuipasua ni kumdharau. Wengine husema kinyume: nguo ni nguo tu, mwenyewe amekwisha kwenda, ifanye kitambaa cha kufutia meza. Sisi hatuwezi kuwafuata hawa wala wale, na sababu yetu tutaitoa katika habari za mama mmoja wa mbali.

Katika Marekani, jimbo la Alabama, kuna mto unaojipinda sana, na ndani ya pindo lile kuna kijiji kiitwacho Gee's Bend. Wakaaji wake ni watu weusi, wajukuu wa watumwa waliolimishwa pamba. Wengi wao huitwa Pettway, kwa jina la bwana aliyelipata shamba lile pamoja na watu wake mwaka 1845. Utumwa ulikwisha mwaka 1865, lakini umaskini haukwisha. Mwaka 1932, baada ya kufa mfanyabiashara aliyekuwa akiwakopesha, watu wa upande wake walikuja wakachukua majembe, nyumbu na mahindi ya ghalani, ili kulipa deni. Angalieni basi: huko nako kifo kilileta watu wa kuchukua vitu, ila wao walivichukua katika nyumba ambazo hazikufiwa!

Nyumba zao zilikuwa za mbao, na upepo wa baridi ulipita katikati ya mbao. Walibandika magazeti ukutani kuuzuia. Usiku walijifunika mablanketi ya viraka, moja juu ya jingine, na mablanketi hayo wanawake waliyashona wenyewe kwa nguo zilizochakaa. Kazi yake ni hivi. Nguo inafuliwa, inafumuliwa, sehemu iliyooza inatupwa, sehemu nzima inakatwa vipande. Vipande vinaunganishwa mpaka vinakuwa shuka moja pana. Chini yake inatandikwa pamba, ambayo wale mama waliiokota katika mabaki ya mavuno wakaipiga kwa fimbo mpaka ikafura. Chini ya pamba unakuja upande wa ndani, mara nyingi wa magunia. Halafu sindano inapita katika yote matatu, inakwenda na kurudi, ili pamba isikimbilie pembeni. Ni kazi ya siku nyingi, na inataka mikono zaidi ya miwili.

Nguo kuukuu inafaa kwa kazi hiyo kuliko mpya, wala si kwa sababu ya bei peke yake. Nguo iliyofuliwa mara mia imekwisha kurudi, haitajivuta tena. Ndiyo maana Bwana wetu alisema kwamba hakuna mtu anayeshona kiraka kipya katika vazi kuukuu. Tumelisikia neno lile kanisani mara nyingi tukitafuta fumbo lake, tukasahau kwamba kila mama mwenye sindano alilijua tangu zamani.

Mama tunayemsema aliitwa Missouri Pettway. Mume wake Nathaniel aliugua miezi mingi, akafa. Mwaka 1942 Missouri alichukua nguo za kazi za mumewe, yaani nguo zote alizokuwa nazo, na zilitosha blanketi moja tu. Binti yake Arlonzia, msichana mkubwa wakati ule, ndiye aliyesaidia kuzipasua. Naye alipokuwa mzee alieleza jinsi mguu wa suruali ulivyo mwembamba chini na mpana juu, hata ikambidi kuukata vizuri ili vipande vilingane. Alieleza pia nia ya mama yake: kumkumbuka mumewe, na kulala chini ya blanketi lile kwa ajili ya upendo.

Hapa msomaji wa Kasai atatupinga. Wabakuba, atasema, hufanya kinyume. Wanaume hufuma nguo za rafia, wanawake huzitia nakshi kwa miezi mingi, na mtu akifa huvikwa zile zilizo bora akazikwa nazo. Hawakati, wanatoa nzima. Ni kweli, na ni desturi yenye heshima kubwa. Lakini zile zilifumwa kwa ajili ya heshima. Suruali ya Nathaniel ilishonwa kwa ajili ya kazi, ikafanya kazi. Tunaona kwamba kila kitu kiheshimiwe kwa jinsi yake. Vazi la sherehe lina haki ya kupumzika na bwana wake. Vazi la kazi halidharauliwi likiendelea kuwatumikia watu wale wale aliowatumikia yeye. Na wenye ujuzi wa nguo hizo za Wabakuba husema kwamba hata viraka vyake, vinavyosifiwa kwa uzuri, huenda vilianza kwa kuziba matundu yaliyotokea wakati rafia ikipondwa ili ilainike.

Lakini kuna swali gumu zaidi, nalo limetoka kwetu wenyewe. Miaka ya 2018 hata 2020, wakati wa Ebola huko Beni na Butembo, nguo na magodoro ya wagonjwa yalichomwa moto. Ilifaa kuchomwa, maana ugonjwa hukaa katika majimaji ya mwili. Mjane wa siku zile hakuachiwa hata shati la kukata. Tukisema upendo umo katika nguo, tunamwambia mama huyo kwamba upendo wake umechomwa. Nani atathubutu? Na tukisema haumo, mbona tunamsifu Missouri?

Tumelifikiri sana. Katika Matendo ya Mitume, Petro alipofika Yafa, wajane walimwonyesha kanzu na mavazi ambayo Dorkasi aliyafanya alipokuwa pamoja nao. Hawakumwonyesha nguo alizovaa Dorkasi, walimwonyesha alizowashonea. Labda hapo ndipo penyewe. Arlonzia hakupewa baba yake katika vitambaa. Alipewa siku kadhaa za kukaa na mama yake, mkasi mkononi, wakimtaja baba huku wakipasua. Mama wa Beni hakuwa na kitambaa, lakini anaweza kumwita binti yake wakae. Ni kidogo kuliko alivyopewa Missouri. Hatutasema ni sawa.

Kwa hiyo twajibu kwamba ni halali kukata. Ila mwenye kukata awe yule aliyekuwa akizifua nguo zile, wala si shemeji mwenye haraka. Na ninyi wazee wa matanga, kabla hamjafungua sanduku, mwulizeni mjane anataka nini kibaki, naye ajibu kwanza.

Blanketi la Missouri lilionyeshwa mwaka 2002 katika nyumba ya makumbusho ya Houston, limetundikwa ukutani kama picha, na watu walikuja kwa wingi kulitazama. Hatujui kama yeye angependa. Katika mablanketi ya jinsi hiyo, yaliyofanywa kwa nguo za shamba, rangi ya buluu imepauka mahali pote, isipokuwa hapa na pale pana kipande cha mraba chenye buluu nzito. Ni mahali mfuko ulipokuwa umeshonwa, ambapo jua halikupafikia.