Chanzo Kiko Wapi?

Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo nimezoea kuulizwa cheti. Kwa Wikipedia hakuna anayekiuliza. Kanuni za msingi ni hizi: usiegemee upande, usilete utafiti wako mwenyewe, na kila dai liwe na chanzo kilichochapishwa. Hata profesa akisema "mimi najua tu," anaulizwa chanzo kama mimi. Hapo naona haki.

Lakini haki hiyo inategemea nani ameshaandikwa. Mwaka wa 2018, rasimu ya makala kuhusu mwanafizikia Donna Strickland ilikataliwa kwa kukosa vyanzo vya kutosha. Miezi michache baadaye akashinda Nobel. Kazi yake ilikuwa ile ile ya miaka ya 1980; magazeti ndiyo yalikuwa hayajamwandika. Sasa fikiria shosh anayejua kila mti wa dawa kijijini, na hakuna aliyewahi kumnukuu.

Basi kanuni ifutwe? Zii. Ukikubali "najua tu" ya shosh, utakataaje ya mwongo? Kazi imebaki kwetu: tumrekodi, tuandike, tupeleke gazetini au kwa mchapishaji, akiwa bado anaweza kuturekebisha.